Kitindamimba Wangu Anakula kwa Jirani

Shangazi, mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Kawangware. Nina mashine mbili za kufuma sweta kwenye stoli ya kukodi River Road, orofa ya pili. Msimu wa baridi ndio mavuno yangu. Kuanzia mwisho wa Mei shule zinaagiza sweta, wachuuzi wa Nyeri na Nyahururu wanakuja na magari ya usiku, na kila mpita njia anataka kitu cha kufunga shingoni. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, nafunga saa mbili usiku. Nikifika nyumbani ni saa tatu na nusu, siku nyingine saa nne.

Watoto wanajilisha. Msichana ana miaka kumi na tatu, kijana wa pili tisa, kitindamimba mitano. Wananunua chipsi na smoki hapo nje, au msichana anachemsha tambi za pakiti. Mume wangu ni fundi wa mjengo. Anafika kabla yangu, lakini anapitia kibandani, anakula huko, anakuja kulala. Kwangu hakuna anayekula na mwenzake.

Jumapili nilipika wali na nyama. Kitindamimba akaonja, akasukuma sahani, akasema, "Mimi nataka githeri ya kwa mama wa mlango wa tatu." Ndipo nikajua kwamba tangu baridi ianze amekuwa akila kule kila jioni, yeye na kaka yake. Nilimkataza kuvuka mlango ule. Jirani nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Sasa hatusalimiani, na mtoto analia kila jioni, dada yake ananipigia simu nisikie. Mama mkwe alipotutembelea alisema nyumba yangu ina baridi, na hakuwa anazungumzia hali ya hewa. Siku hizi usiku tunaingiza jiko la makaa ndani na kufunga mlango tupate joto, lakini neno lake halinitoki.

Baba watoto anasema nifunge stoli nikae nyumbani hadi baridi iishe. Nikifunga sasa, karo ya muhula wa tatu itatoka wapi? Je, mimi ni mama mbaya?

Mfumaji, River Road

Mwanangu,

Nitakujibu yote, ila kuna sentensi moja umeipita mbio ambayo mimi siwezi kuipita. Jiko la makaa ndani, mlango umefungwa. Hilo lisirudiwe usiku wa leo.

Makaa yakishakuwa mekundu na moshi ukaisha, watu hudhani jiko sasa ni salama. Hata wakati huo linatoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Sumu hiyo hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anaendelea kupumua lakini mwili wake haupati kitu. Aliyelala haamki. Nchi hii imezika familia nzima kwa sababu hiyo, tena katika miezi hii hii ya baridi. Jiko liwashwe nje, lipikiwe dirisha likiwa wazi, na litolewe nje kabisa kabla mtu yeyote hajapanda kitandani. Mkiwa ndani na watu wawili watatu wakaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu kwa pamoja, tokeni nje wote upesi na mwende hospitali. Joto la kulalia litoke kwenye blanketi, soksi na sweta, na wewe katika hayo ni tajiri kuliko mtaa mzima.

Sasa kijana wako. Umekichukua kitendo chake kuwa hukumu juu yako. Kitazame tena kwa macho ya mtoto wa miaka mitano. Jua la Nairobi huzama saa kumi na mbili na nusu hivi, Juni kama Desemba, lakini Juni siku nyingi halionekani hata mchana. Mawingu hulala juu ya jiji kutwa, yameletwa na upepo wa kusi kutoka Bahari ya Hindi, ule ule unaopoza Mombasa na Unguja miezi hii. Kwenu Kawangware, kuelekea Dagoretti na Kikuyu, ardhi imeinuka hadi karibu mita 1,800, na usiku wa Julai baridi huweza kufika nyuzi 10. Mtoto anarudi kutoka shule vidole vimekufa ganzi, anaingia nyumba ambayo moto wake haujawashwa tangu jana. Hatua chache kutoka hapo kuna sufuria inayotokota na mtu mzima anayemuuliza, "Umekula?" Angeenda wapi?

Hakukukataa. Alifuata moto, na alimfuata mtu wa kumuuliza kama amekula. Wali wako na nyama haukuwa na kosa. Mtoto hupenda alichokizoea, na jioni zote hizi amezoea githeri ya mlango wa tatu.

Kuhusu jirani nitakuwa mkali kidogo, univumilie. Mama yule amelisha watoto wawili wasio wake, katika jiji hili, kwa bei hizi za unga na makaa, wala hakukuletea hesabu. Ukirudi saa tatu na nusu usiku ukawakuta watoto wamelala na tumbo limeshiba, hiyo ilikuwa kazi ya mkono wake. Wahenga waliposema mkono mmoja haulei mwana, walikuwa wanamsema mama kama huyo. Nawe ulimlipa matusi. Najua yalitoka kwenye uchungu, lakini yeye aliyoyasikia ni matusi.

Nenda kwake. Usimtume msichana, usiandike ujumbe wa simu. Beba unga, sukari na majani ya chai, kama tunavyoingia nyumba za watu, umwambie: "Nilikosea. Ulinilishia watoto nami nikakutukana. Nisamehe, na asante." Usianze kumweleza uchovu wako kabla ya kusema hayo, maana maelezo yakitangulia, msamaha hauombwi tena, unadaiwa. Akikupokea, mwambie ungependa watoto waendelee kupita kwake jioni chache za wiki, na kwamba kila mwezi utaleta gorogoro mbili za mahindi na moja ya maharagwe. Usilete pesa, pesa itamfanya ajione mfanyakazi wako. Mahindi yataingia kwenye sufuria ile ile, na watoto wako watakapokula kwake watakuwa wanakula pia jasho la mama yao.

Na stoli? Mumeo anasema uifunge. Mimi nasema usiifunge. Stoli ikiachwa wazi River Road haichukui muda kabla mwingine hajaweka kufuli lake, na ukitaka kurudi utadaiwa pesa za kuingilia upya. Mchuuzi wa Nyahururu akikukosa mara moja atapata mfumaji mwingine orofa hiyo hiyo, na msimu ujao hatakutafuta. Tena mnaelekea muhula wa tatu. Mama anayefunga kazi wakati wa mavuno yake hukaa nyumbani na watoto huku akihesabu madeni, na watoto huuona uso wake wa madeni kila siku. Sufuria iliyojaa haiondoi uso huo.

Lakini kuna jambo sikuliona katika barua yako, na ndilo ninalotaka ulichunguze. Unauza nini kati ya saa kumi jioni na saa mbili usiku? Wachuuzi wa mikoani wanashuka kwenye magari kabla ya mapambazuko, wananunua asubuhi, na mchana wameshapakia mizigo warudi. Hao ndio pesa yako kubwa, nao wameondoka zamani wewe ukiwa bado umekaa. Chukua daftari, na kwa wiki mbili andika kila sweta iliyotoka na saa iliyotoka. Ukikuta jioni unauza kofia mbili na skafu moja kwa watu wanaokimbilia matatu, basi hizo saa unazitoa kwa watoto wako kwa bei ya skafu moja. Ukikuta jioni unafuma oda za shule, mtafute kijana anayejua mashine, umlipe kwa kila sweta anayomaliza, afume wewe ukiwa umekwenda.

Chagua siku mbili katikati ya wiki, tuseme Jumanne na Alhamisi, ufunge saa kumi. Usiseme saa kumi na moja na nusu, kwa sababu utaumaliza huo muda uliouokoa ndani ya matatu ya 46, imesimama kwenye foleni ya Valley Road huku madirisha yamejaa ukungu. Ukiongeza Jumapili, unapata jioni tatu. Jioni tatu ambazo watoto wana uhakika nazo zinawatosha kuliko saba za kubahatisha.

Tuje kwenye chakula chenyewe, maana nahisi umekata tamaa ukidhani chakula cha nyumbani lazima kianze na mahindi makavu na mama aliyeinama juu ya moto kuanzia mchana. Mama zetu walipika hivyo kwa sababu shamba na jiko vilikuwa mahali pamoja. Wewe una River Road na Kawangware, na kati ya hizo mbili chakula kiko tele ukijua kukifuata.

Nyamakima iko karibu na stoli yako, na pale nafaka zote za nchi hii zinakaa kwenye magunia yaliyo wazi: mahindi meupe, nyayo, wairimu, rosekoko, njahi, ndengu, kamande. Nunua huko, beba polepole, kilo mbili leo, mbili wiki ijayo. Jumamosi usiku loweka mahindi na maharagwe, sehemu mbili za mahindi kwa moja ya maharagwe. Jumapili mwaga maji ya kulowekea, weka mapya, na uchemshe kwa moto mkali. Hapo usifanye haraka, kwa sababu maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili inayoumiza tumbo, na haiishi mpaka yatokote kwa nguvu. Yape nusu saa ya moto mkali kabla ya kuupunguza. Kama una sufuria ya presha, mahindi yaliyolowekwa huiva kwa saa moja hivi au zaidi kidogo. Kama huna, sufuria na itokote wakati mnafua na kuchana nywele, Jumapili ni ndefu.

Kama una friji, gawa githeri ya jioni mbili ukaihifadhi bila chumvi wala kitunguu. Kama huna, usijaribu, maana hata katika baridi hii huchacha. Nunua iliyochemshwa. Mtaani kwenu jioni wapo akina mama wenye sufuria kubwa wanaopima githeri kwa kikombe, moto moto, na mahindi yamekuwa motoni tangu asubuhi. Kuna wanawake wanaoona aibu kununua kwao. Aibu ya nini? Sehemu ndefu ya kazi imefanywa na mwanamke mwenzako anayelisha watoto wake kwa kikombe hicho. Iliyobaki ni yako: kaanga kitunguu mpaka kiwe cha rangi ya dhahabu, tia nyanya, karoti, viazi vilivyokatwa vidogo, kabeji au majani ya malenge, kisha githeri na maji kidogo, na dania ukikaribia kuepua. Ni kazi ya dakika 30. Kuanzia ya kumi hivi nyumba nzima inanukia, na ndiyo harufu iliyokuwa ikimvuta kijana wako hadi mlango wa tatu.

Jumanne iwe githeri basi, kwa kuwa ndiyo aliyoiomba. Alhamisi iwe supu. Mifupa buchani hupatikana kwa bei nafuu. Itie tangawizi iliyopondwa, kitunguu saumu, chumvi, iache ichemke polepole mkisaidiana kazi za shule, halafu ugali na sukuma wiki au managu. Mtoto mwenye mafua hufunguka pua kwa mvuke wa bakuli hilo. Jumapili nyingine badilisha: minji na viazi na chapati, au mukimo, au njahi mkiwa na mgeni.

Asubuhi nayo usiiache. Huwezi kuwa nyumbani watoto wanapoamka, lakini uji wako unaweza. Usiku kabla ya kulala koroga uji wa wimbi, mzito kiasi, umimine kwenye themosi iliyosuuzwa kwa maji ya moto. Saa kumi na mbili asubuhi ungali moto. Weka na viazi vitamu au nduma zilizochemshwa jioni. Watoto wakimiminiana uji huo wanajua ni nani aliyeupika na kwamba alikuwa amechoka alipoupika. Usidhani hawalioni hilo.

Siku ambazo hupo, jioni ni ya baba yao. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu barua yako yote umejihukumu wewe, na mwanamume anayefika nyumbani kabla yako umempitia kwa mistari michache. Ingia hoteli yoyote ya River Road alfajiri, umtazame anayesukuma chapati, anayekoroga mchuzi, anayechemsha chai ya maziwa kwa watu mia: mara nyingi ni mwanamume. Hakuna anayemcheka, maana analipwa. Basi mume wako hashindwi kupika wali na ndengu kwa watu watano. Pesa anayoacha kibandani wiki nzima ingenunua ndengu, mchele na mifupa ya nyumba nzima, na yeye akala pamoja na wanawe badala ya kula na wapita njia.

Usimwambie saa nne usiku ukiwa umechoka na yeye amelala nusu. Mwambie Jumapili baada ya chakula, ukiwa umeshiba na yeye ameshiba. Usimwambie kwamba hakusaidii. Mwambie kwamba watoto wanakaa gizani wakimngoja mtu mzima, na kwamba wewe huwezi kufika kabla ya saa tatu na yeye anaweza kufika saa kumi na mbili na nusu. Alitaka ufunge stoli kwa ajili ya nyumba. Mwombe yeye aache kibanda kwa ajili ya nyumba hiyo hiyo.

Msichana wako nakuomba umwonee huruma. Miaka kumi na tatu, yuko sekondari msingi, na tayari ndiye anayekupigia simu kukuambia mdogo wake analia. Amekuwa mama kabla ya wakati. Akate vitunguu, sawa, ajifunze kukaanga, sawa. Mzigo wa kuamua watakula nini na kama watakula usiwe wake. Kijana wa miaka tisa naye aoshe vyombo, hakuna kinachomzuia.

Jambo moja la mwisho kuhusu jioni usizokuwapo. Una mabaki ya uzi stoli nzima, yale mnayofagia na kutupa. Yajaze kwenye mto mkubwa wa kitambaa, utandaze ndani ya kikapu kikubwa, na utengeneze mto mwingine wa kufunikia juu. Chakula kikiiva, sufuria yenye fungu lako ifunikwe, ifutwe masizi, izungushiwe taulo, iingizwe humo. Ukirudi saa tatu na nusu bado ni moto. Na baba watoto, hata kama ameshakula saa moja, akae nawe mpaka umalize. Wote mmezoea kula kila mmoja peke yake, na nadhani ndiyo baridi aliyoisema mama mkwe.

Kwa mama mkwe usikasirike sana. Mpigie simu. Huko shambani, maharagwe ya mvua ndefu yanavunwa miezi hii, na maharagwe mapya huiva upesi kuliko yaliyokaa dukani. Mwombe akutumie debe moja kwa gari. Ofisi za mizigo za magari ya mikoani ziko mtaa huo huo unaofanyia kazi. Mzee anayelalamika kwamba nyumba ya mwanawe ina baridi hufurahi akipewa kazi ya kuipasha moto.

Umeniuliza kama wewe ni mama mbaya. Hapana. Mama mbaya haandiki barua kwa sababu ya sahani iliyosukumwa. Wewe ni mama uliyebeba nyumba peke yako katika msimu ambao kila mtu anataka sweta, na uliyemkasirikia mtu asiyestahili. La kwanza linarekebishwa kwa ratiba na kwa mume, la pili kwa unga na neno la msamaha. Anza na la pili, kwa maana halihitaji kungoja daftari.

Nawe msomaji unayeishi kwenye ploti, ukimwona mtoto wa jirani amesimama mlangoni kwako saa kumi na mbili jioni katika baridi hii, mpakulie. Kisha usiku huo huo mwambie mama yake kwamba amekula, ili asije akalisikia jambo hilo kutoka kwa mtoto.